Masufuria ya Bi Sikudhani

Mchungaji Elikana alikuwa na swali moja, na kila mwaka aliwatupia wanafunzi wapya wa ujasiriamali kabla hata hawajajua choo kiko wapi. "Nyumbani kwenu," aliuliza, "kuna kitu gani kimelala?"

Darasa lilimkodolea macho. Kijana mmoja wa nyuma akajibu kwamba kwao aliyelala ni babu. Watu wakaangua kicheko, na mchungaji naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Kisha akafafanua kwamba ana maana ya mali: cherehani iliyofunikwa kitambaa, kiwanja kilichoota magugu, chumba kilichojaa vitu visivyoingiza hata senti. Siku ya hukumu, alisema, Mungu hatakuuliza ulikuwa na kiasi gani, atakuuliza ulichopewa ulikifanyia nini. Akafunga kipindi kwa sala kama alivyokifungua, na wanafunzi wakatawanyika kwenda kutafuta vitu vilivyolala.

Zaitun hakuwa na haja ya kutafuta. Watu walipoitikia amina, yeye alikuwa ameshaviona kichwani mwake, vimepangwa mpaka darini.

Huyu Zaitun alikuwa binti wa Ujiji, Mwislamu mtoto wa Waislamu, na kule kusoma kwake katika chuo kikuu cha kanisa kulishazua maneno ya kutosha. Chuo kilikuwa nje ya mji, upande wa barabara ya Kidahwe. Baba yake, muuza mitumba wa soko la Mwanga, alikichagua kwa sababu za mtu mwenye mfuko mwembamba: binti angelala nyumbani na kula nyumbani. Mashangazi hawakutaka kusikia hayo. Mtaani ndiyo usiseme. Walisema muhula hautaisha kabla hajaitwa Rebeka, na kwamba ushungi ule wataukuta umetundikwa kwenye mlango wa kanisa. Aliyewanyamazisha wote ni bibi yake mzaa baba, Bi Sikudhani, ambaye Zaitun alikuwa akiishi naye tangu alipoanza sekondari.

"Nimemruhusu mimi," Bi Sikudhani aliwaambia, barazani kwake, mchana kweupe. "Akiharibika, njooni mniulize mimi."

Maneno yakaisha. Katika mtaa ule mtu hakubishana na Bi Sikudhani, na sababu yake si utajiri wala ukali. Ni kwamba kwa miaka mingi mlango wake ndio ulikuwa wa kwanza kubishwa mtu akifa. Imamu aliambiwa, ndiyo, lakini mara nyingi mjumbe alipitia kwa Bi Sikudhani kwanza. Yeye angejifunga kanga zake mbili, akachukua ufunguo na kufungua chumba cha uani. Humo ndimo yalimokaa masufuria makubwa, yale ya kupikia wali wa mtaa mzima, pamoja na masinia, makarai na miiko mirefu kama makasia. Msiba, khitma, maulidi, vyote vilipikiwa humo. Hakuna aliyelipa kitu. Yaliporudi, yamesuguliwa kwa mchanga na majivu, Bi Sikudhani alichungulia ndani ya kila moja kama daktari anayechungulia koo, kisha akafunga mlango.

Kule kubishiwa mlango wa kwanza ndiko kulikokuwa heshima yake yote. Hakuwa na nyingine, wala hakuitaka.

Zaitun alikuwa ameyasugua masufuria hayo mpaka vidole vikachubuka. Miaka yote hiyo alijua kwamba ni ya Bibi, kwamba aliyanunua marehemu babu enzi zile akifanya biashara ya kwenda na kurudi Bujumbura. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Mtoto akikuta vyombo ndani ya nyumba ya bibi yake, ni vya bibi yake, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Akaandika mradi wake: huduma ya kukodisha vyombo vya shughuli, kuanzia Ujiji na Rusimbi, baadaye Mwanga, baadaye mkoa mzima. Aliandika kwa raha. Rafiki yake wa dawati moja, Leonia, mtoto wa wakulima wa michikichi wa huko Kidahwe, aliusoma akatikisa kichwa.

"Wewe Mungu kakuwekea mtaji chumbani, umekaa tu unakusubiri," alisema Leonia. "Mie kwetu kilicholala ni mbuzi, na akiamka anakula mihogo ya jirani."

Mchungaji Elikana aliusoma mradi mbele ya darasa, na hakuishia kusifu tu. Chuo kilikuwa kinaandaa kongamano la akina mama wa kanisa kutoka mkoa mzima, siku tatu za mahubiri na semina, na wapishi walikuwa wanahangaika na vyombo. Hapo hapo akampatia Zaitun mteja wake wa kwanza. Binti akafurahi sana. Lakini hakuwa mjinga: akadai iandikwe kwamba nguruwe hatagusa masufuria yale. Mchungaji akamwambia nyama yote inachinjwa na Mwislamu, kama kawaida ya shughuli zote, ila akaandika kama alivyotakiwa. Wapishi nao wakataka wapewe masufuria yote bila kubakiza, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Zaitun akakubali na chuo kikamlipa kabla.

Jioni ile alimkuta Bibi uani anachambua dagaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umechelewa, hao makafiri wako wamekupa kazi gani?" Bi Sikudhani alisema hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Bibi, chuo kina wageni. Akina mama wa kanisa. Wamekwama masufuria."

Bi Sikudhani akaacha kuchambua. "Watapikia nini?"

"Wali, ndizi, ng'ombe. Anachinja Mwislamu. Nimewawekea sharti kabisa."

"Basi wape. Mgeni ni mgeni, na wewe unakaa kwao kutwa nzima. Tukiwanyima sufuria watatuonaje?" Akarudi kwenye dagaa wake. "Ila usiache chumba kitupu. Bakiza mawili makubwa. Hatujui ya kesho."

"Sawa, Bibi."

Kuhusu fedha Zaitun hakusema neno. Alijiambia kwamba anataka kumshangaza: atamnunulia doti ya kanga, ataziba lile bati linalovuja, kisha ndipo aseme. Alijiambia vilevile kwamba siku tatu si kitu, na hayo mawili hayatakosekana na mtu. Lakini kuna sehemu ya moyo wake iliyojua kwamba jambo safi halifichwi hivyo. Akaipuuza. Asubuhi Bibi akiwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa, gari dogo la mizigo, kirikuu, lilikuja uani likabeba kila kitu.

Binti wa watu alifikiria nguruwe. Hakufikiria kifo.

Siku ya pili ya kongamano, baada tu ya sala ya alfajiri, mlango wa Bi Sikudhani ulibishwa. Mzee Khamisi, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, alikuwa ameinuka kwenye mswala wake na kuanguka. Zaitun alimsikia Bibi akisema inna lillahi, akasikia kanga zikifungwa na ufunguo ukitolewa chini ya godoro. Alitaka kuruka kitandani, awahi mlango wa uani, aseme chochote kile. Lakini mlango ulishafunguliwa.

Alipofika, Bi Sikudhani alikuwa amesimama katikati ya chumba. Kumbe chumba kile kilikuwa kikubwa kiasi hicho. Ukutani palibaki alama nyeusi za mviringo, na pembeni kifagio.

"Yako wapi?"

"Chuoni, Bibi."

"Najua yako chuoni. Mawili yako wapi?"

"Walihitaji yote."

Bi Sikudhani hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. "Nenda kayalete," alisema. "Khamisi anazikwa baada ya Alasiri, na ndugu zake wanatoka Kasulu. Hawawezi kushuka kwenye gari wakakuta jiko baridi. Nenda."

Zaitun akapanda bodaboda bila kunawa uso. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Nyuma ya ukumbi wa chuo moto ulikuwa unawaka mstari mzima, na juu ya kila moto liliketi sufuria la Bi Sikudhani limejaa. Mengine maharage, mengine nyama, mengine maji yanachemka yakisubiri mchele. Ndani ya ukumbi kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu. Leonia, aliyejitolea jikoni, alimwona akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mwakeye, dada!" alimsalimu kwa Kiha. "Mbona uko hivyo? Umeumwa?"

"Kuna msiba, Leonia. Nataka masufuria."

Leonia akageuka kuyatazama masufuria, akamtazama rafiki yake. Akamwita Mchungaji Elikana.

Mchungaji alitoka ukumbini na Biblia kwapani, akamsikiliza mpaka mwisho. Uso wake uliingiwa na huzuni ya kweli. Tusimsingizie mtu ubaya asiokuwa nao. "Pole sana, Zaitun. Pole kwa mtaa mzima. Lakini tazama mwenyewe. Humo mna chakula cha mamia ya akina mama waliotoka Kibondo na Kakonko. Nikimwage?"

"Hapana, Mchungaji."

"Na neno ulilowapa wapishi, unataka ulivunje kazi yako ya kwanza kabisa?" Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomkata. "Wakimaliza tu kupakua chakula cha mchana, yataoshwa, na gari letu litayaleta mpaka nyumbani; ya jioni na ya kesho tutajua wenyewe. Nakuahidi."

Kisha akainamisha kichwa akamwombea marehemu na wafiwa. Zaitun alisimama mbele yake na ushungi wake, hajui akunjue viganja au aviunganishe, huku moshi ukimwingia machoni. Saa ile alimchukia mchungaji, akajichukia na yeye kwa kumchukia mtu anayemwombea mema.

Ujiji alikuta wanawake wamejigawa. Kila nyumba ilikuwa inapika kwa sufuria lake la nyumbani, kidogo kidogo, na wasichana wanapita vichochoroni na vibakuli vya wali vilivyofunikwa kwa sahani. Wali wa nyumba hii ulikuwa bokoboko, wa nyumba ile una ukoko, wa tatu haujaiva. Unamimina kwenye sinia moja unapata chakula cha aibu. Ndugu wa Kasulu walifika, wakapewa chai, wakasubiri. Wachimba kaburi walirudi na udongo miguuni, wakanawa, wakasubiri. Tangu mtaa ule uwe mtaa hakuna aliyekumbuka watu kutoka makaburini na kukaa jamvini wakitazamana.

"Nimeyaazimisha chuoni kwa kina Zaitun, yako njiani," Bi Sikudhani alikuwa anamwambia kila aliyeuliza. "Kosa langu. Yako njiani."

Wanawake waliitikia. Inatokea. Wageni ni wageni. Bi Ikram, jirani wa ukuta kwa ukuta na shoga wa Bi Sikudhani tangu wote wawili wakiwa maharusi, hata alimtania kwamba uzee unaingia. Jambo lilikuwa linaelekea kupita. Zaitun, aliyekuwa amechuchumaa anapanga sahani, alianza kupumua.

Ndipo kirikuu kikaingia. Dereva alikuwa mtu mchangamfu, hana habari. Aliruka chini, akafungua nyuma, masufuria yakang'aa kwa kuoshwa vizuri, akaita kwa sauti iliyofika mpaka jamvini kwa wanaume:

"Dada mwenye kampuni yuko wapi? Mchungaji kasema ahsante sana! Na mwezi ujao kuna kongamano la vijana, watakodi tena yote, kwa bei ile ile!"

Bi Ikram alikuwa anapakua. Akauweka mwiko chini polepole.

"Sikudhani," alisema. "Yamekodishwa?"

Bi Sikudhani alimtazama mjukuu wake, na Zaitun akainamisha macho kwenye sahani. Kuinamisha macho kule kulikuwa ni jibu, na bibi alilipokea. Angeweza kusema hajui. Ilikuwa kweli kwamba hajui, na wangemwamini. Lakini alishasema mbele yao, mchana kweupe, kwamba aulizwe yeye.

"Yametoka kwangu," alisema Bi Sikudhani. "Kwa hiyo ni mimi."

Wanawake waliyashusha masufuria wao wenyewe na hawakumruhusu Zaitun kushika hata mkono wa moja.

Walisubiri khitma ya Mzee Khamisi ipite, kwa heshima ya marehemu. Kesho yake baada ya Adhuhuri walianza kuja. Hawakuja kwa kundi wala kwa ugomvi. Alikuja mmoja, akapiga hodi, akasalimia vizuri, akaingia chumba cha uani na kutoka na sufuria kichwani. Kisha mwingine. Zaitun alikuwa amekaa kwenye kigoda na hakuelewa kinachotokea mpaka alipoingia Bi Ikram, akapitisha kiganja juu ya masufuria yaliyobaki, akakisimamisha kwenye moja lenye kibonyo ubavuni.

"Hili la Hamidu wangu," alisema Bi Ikram.

Hamidu alikuwa mwanawe aliyekufa maji ziwani, akitoka kuvua dagaa, kabla Zaitun hajazaliwa. Zaitun alijua hilo. Alichokuwa hakijui ndicho alichoambiwa sasa, kwa sauti ya chini, na mwanamke aliyekuwa haamini kwamba inabidi aseme. Nyumba ikifiwa, arobaini ikishapita, mwenye uwezo hununua sufuria au sinia na kulileta kwa Bi Sikudhani, magharibi, limefunikwa kanga. Ni wakfu. Ni sadaka ya yule aliyekufa. Kila chakula kinachopikwa humo na kuliwa bure na watu, thawabu yake inamfuata kaburini. Anayelileta hasemi, na anayelipokea hasemi, kwa kuwa hawataki sadaka igeuke majigambo. Ndiyo maana binti mzima alikulia mle ndani, akayasugua, asijue kwamba kila moja lilikuwa na mtu wake.

"Kila likitoka kwenda kupikiwa," alisema Bi Ikram, "mimi hukaa pale dirishani kwangu nikasema, leo Hamidu kapata. Juzi nilipoona gari linayabeba, nikasema Hamidu kapata hata kwa Wakristo, alhamdulillahi, tumbo ni tumbo." Akamgeukia Zaitun. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Alipata nini?"

Zaitun alifungua mdomo. Alikuwa amejifunza gharama, faida, soko, ushindani. Akasema, "Nitarudisha hela, Bi Ikram. Nitazirudisha zote."

"Rudisha," alisema Bi Ikram. "Hizo hatukuziomba." Akaliinua sufuria la mwanawe, na alipopita barazani alisimama mbele ya shoga yake. Wazee wale wawili walitazamana. Zaitun aliomba moyoni watukanane, maana waliotukanana hupatana. Bi Ikram alisema tu, "Sikudhani, kwa heri," kama mtu anayeaga nyumba ya watu asiowazoea.

Hadi jua linazama chumba kilibaki na sufuria moja, lile la marehemu babu. Bi Sikudhani aliliangalia kwa muda, kisha akamwambia Zaitun alichukue alipeleke kwa Bi Ikram, likae na wenzake, kwa sababu kule ndiko vitakakokuwa vyombo vya mtaa sasa. Zaitun akalia. Alilia kwa sauti, akamshika Bibi miguu, akasema amekosa, amekosa, apigwe.

"Nikupige ili iweje?" Bi Sikudhani alimwondoa mikono. "Na mimi nina sehemu yangu. Ningekwambia. Nilidhani utajua kama nilivyojua mimi, kwa kuyasugua tu. Lakini fedha, Zaitun. Ulikaa na fedha ndani ya nyumba yangu, unanitazama usoni, unakula na mimi. Hiyo hukufundishwa na mchungaji."

Ilikuwa kweli, na hakuna neno lililomuuma kama hilo. Mtaani walisema vingine. Walisema ndivyo wanavyofundishwa huko, kuuza hata maiti. Zaitun alitamani kukubaliana nao, amtupie mchungaji mzigo mzima, lakini alikumbuka ule mradi aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa raha.

Alizirudisha fedha. Mchungaji Elikana alimkaribisha ofisini, akasikiliza habari ya wakfu.

"Mimi ndiye niliyeuliza kimelala nini," alisema. "Kumbe chenu kilikuwa macho muda wote." Akampa muda wa kuandika mradi mwingine, na akamwuliza kama ingefaa aende Ujiji kumwomba bibi msamaha. Zaitun akamwona kichwani mwake mchungaji na kola yake akipita vichochoroni na mtaa mzima unachungulia madirishani.

"Usije, Mchungaji," alisema. "Tafadhali usije."

Akaandika mradi wa sabuni za mawese pamoja na Leonia, akapata alama za kawaida, na masomo yakaendelea. Mtaani hakuna aliyemtukana. Walimwitikia salamu, wakamuuliza hali ya baba yake. Bi Sikudhani alikwenda msikitini na kurudi, alipika, alichambua dagaa, na utani wa mke mwenza aliuacha. Wala hakuna aliyepita barazani kwake kumuuliza juu ya lile neno alilowaambia, kwamba Zaitun akiharibika aulizwe yeye. Zaitun aliona kwamba kuulizwa kungemfaa Bibi kuliko ule ukimya.

Mvua zilipoanza, mtu alikufa tena, mama mmoja mzazi wa watoto wadogo. Zaitun alikuwa macho, kumeanza kupambazuka. Alisikia kandambili za mjumbe zikija kwa haraka kwenye matope ya kichochoro. Zikafika usawa wa mlango wao. Akamsikia Bibi chumba cha pili akikaa kitandani. Kandambili zikapita. Hodi ikapigwa nyumba ya pili, kwa Bi Ikram.

Zaitun alisubiri asikie kitanda cha Bibi kikilia, dalili kwamba amejilaza tena. Badala yake mlango ukafunguliwa na Bi Sikudhani akasimama pale, amejifunga kanga zake mbili.

"Amka."

"Bibi, hawajatubishia."

"Toka lini msiba ukaalikwa? Chukua kisu."

Walipoingia uani kwa wafiwa Bi Ikram alikuwa ameshawasha mioto mitatu na anaelekeza watu. Aliwaona, akasita, akaonyesha kwa kidevu pale kwenye kilima cha vitunguu, walipokaa wasichana. Bi Sikudhani akaenda. Alikaa chini juu ya mkeka miongoni mwa watoto wa shule, akanyoosha miguu yake yenye maumivu, akaanza kumenya kama wao. Zaitun alikaa ubavuni kwake na kushindwa kumtazama.

Kazi ikaenda. Mchuzi ukachemka. Msichana mmoja, aliyezaliwa na kukua akiona ni nani anayeonja katika kila shughuli, alichota mchuzi kwa kijiko, akakatiza ua mzima kwa mazoea, akaja kumpigia magoti Bi Sikudhani na kumnyooshea.

"Onja, Bibi. Chumvi imekaa?"

Wanawake walio karibu wakaacha walichokuwa wanafanya. Bi Sikudhani alikitazama kijiko, mkono wake ukainuka kidogo kutoka kwenye kitunguu, kisha ukarudi.

"Mpelekee Bi Ikram, mwanangu," alisema. "Mwenye jiko ni yeye."